Mkanda Ni Wake, Hadithi Si Yake Peke Yake

Kuna aina moja ya video ambayo haiishi kwa simu zetu. Mzungu amesimama ulingoni Myanmar, mikono imefungwa bendeji tu, hana glavu. Ngoma zinalia, zumari linalia. Halafu anampiga mtu kichwa. Si bahati mbaya, si faulo. Kichwa kabisa, paji la uso kwa uso wa mwenzake, na refa anaangalia tu kwa sababu inaruhusiwa. Juu ya video kuna maandishi makubwa: MZUNGU ALIYEUTEKA MCHEZO KATILI ZAIDI DUNIANI.

Unashuka kwa komenti unakuta vita nyingine inaendelea huko. Kikosi cha kwanza kinasema, "Amewanyoosha hao!" Kikosi cha pili kinajibu, "Wazungu waliiba ardhi, waliiba dhahabu, sasa wanaiba hata ngumi za watu."

Leo nataka kugombana na vikosi vyote viwili. Manze, hawa watu wanajifanya maadui lakini wanaimba wimbo mmoja. Wote wanabonga juu ya mgeni. Hakuna hata mmoja anayeuliza mwenye nyumba anaitwa nani.

Msimamo wangu nauweka hapa juu usije ukasema nilikuzungusha. Mkanda alioshinda yule jamaa ni halali yake. Lakini hadithi ya mchezo si yake peke yake, na sisi tunaotengeneza kontenti, pamoja na nyinyi mnaoitazama, ndio tunaomkabidhi yote bure.

KWANZA JUA WANAPIGANIA NINI

Mchezo unaitwa Lethwei. Ni ngumi za jadi za Myanmar, nchi ambayo zamani iliitwa Burma. Kama unajua Muay Thai ya majirani wao wa Thailand, ile huitwa sanaa ya viungo nane: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili, miguu miwili. Lethwei inaongeza cha tisa, kichwa. Halafu inakunyang'anya glavu. Unabaki na kitambaa cha bendeji na tepu.

Sasa sheria. Hapa ndipo watu wengi hawafiki, kwa sababu klipu ya sekunde 20 haina nafasi ya sheria. Pambano la jadi ni raundi 5, kila raundi dakika 3. Hakuna majaji wanaoandika pointi. Ukimchapa mtu raundi zote 5 na kengele ya mwisho ikalia akiwa bado amesimama, ni sare. Umeskia? Sare. Haijalishi ulipiga ngumi ngapi. Ukitaka kuitwa mshindi, mwangushe asiinuke, au mfikishe mahali hawezi kuendelea.

Kuna sheria nyingine ambayo ukiielezea watu wanafikiri unawabeba. Ukiangushwa ukazima, kona yako ina haki ya kuomba mapumziko ya dakika 2. Ni mara moja tu kwa pambano, na si katika raundi ya mwisho. Wanakumwagia maji, wanakusugua masikio, wanakuita jina lako. Ukiamka na ukikubali, unarudi kupigana.

Na kabla ya ngumi yoyote kuna ngoma. Mpiganaji anacheza densi yake ulingoni, halafu anakunja mkono mmoja na kuupiga kwa kiganja cha mwingine, ishara ya kumwita mwenzake vitani. Kikundi cha muziki kinakaa pale pale, na kinapiga pambano likiendelea. Mapigano yakichemka, nao wanachemka.

Huu mchezo haukuanza na YouTube. Waburma huuhesabu tangu enzi za ufalme wa Bagan, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kwa miaka mingi watu walipigana kwenye mchanga, kwenye sherehe za pagoda na sherehe za vijiji, hasa sehemu za Kayin na Mon. Katika karne ya 20 akatokea mtu anayeitwa Kyar Ba Nyein. Alikuwa bondia wa ngumi za kawaida, aliiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Akarudi nyumbani, akazunguka huko vijijini walikokuwa wakipigana, akakusanya ujuzi, akaupa mchezo sheria za kisasa na kuuingiza ulingoni. Leo wanamwita baba wa Lethwei ya kisasa.

Nakuuliza kwa upole: jina lake ulikuwa umewahi kulisikia? Na la yule mzungu?

"AMEWANYOOSHA"? TUONE

Jina la mzungu ni Dave Leduc. Ni Mkanada wa Quebec, amezaliwa mwaka 1991. Alianzia michezo mingine ya mapigano, akapitia Thailand, akaishia Myanmar. Na jamaa ni moto, sitaki mtu aseme nimemnyima haki yake. Siku hizi kuna mtu anapigana na mchekeshaji mstaafu akiwa na glavu kubwa kama mito ya kulalia, halafu anajiita bondia. Leduc si wa kundi hilo.

Lakini hebu tusome hiyo kazi yake polepole, vile ilivyotokea.

Oktoba 2016, Yangon. Leduc anapanda ulingoni na Tun Tun Min, bingwa wa nyumbani, mtu ambaye Waburma walikuwa wanamtazama vile sisi tunawatazama wakimbiaji wetu siku ya fainali. Wanapigana raundi zote. Matokeo: sare. Wote wamesimama. Kwa sheria za mle ndani hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa.

Desemba 2016, Yangon tena, uwanja wa Thein Phyu. Marudiano. Raundi ya tatu Tun Tun Min anashindwa kuendelea kwa sababu ya jeraha la mguu. Leduc anashinda na anakuwa mtu wa kwanza asiye Mburma kubeba mkanda wa dhahabu wa uzani huria, ule mkanda mkubwa kuliko yote kwenye Lethwei ya jadi.

Ni ushindi? Ndio, ni ushindi. Mguu wa mpinzani ukishindwa, mpinzani ameshindwa, sheria ni hiyo. Lakini nionyeshe mahali palipo na kunyoosha taifa zima. Jamaa mmoja alipigana na jamaa mmoja mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mara ya kwanza hawakutoshana, mara ya pili mguu ukaamua. Hiyo ni hadithi tamu ya watu wawili wagumu. Si hadithi ya mzungu aliyekuja kufundisha wenyeji kupigana.

Na hakuwa hata mgeni wa kwanza kujaribu. Mwaka 2001 Wamarekani walienda Yangon kupigana kwa sheria kamili za jadi, wakachapwa. Mwaka 2004 wakaja Wajapani, na Akitoshi Tamura akamwangusha Aye Bo Sein. Kwa hivyo miaka 12 kabla ya Leduc kuvaa mkanda, Mjapani alikuwa tayari ameshinda pale. Mbona huyo hana video zinazotuzunguka? Jijibu mwenyewe. Mjapani na Mburma wakipigana, algoridhimu inaona Waasia wawili. Haioni filamu. Filamu inahitaji mtu mmoja anayefanana na nyota wa sinema, na wengine wote wawe mandhari.

Baada ya mkanda, Leduc hakukimbia. Mwaka 2017 alienda kuutetea Tokyo. Juni mwaka huo alipigana huko na Adem Yilmaz, Mturuki anayetoka Australia, na ikawa mara ya kwanza pambano kuu la ubingwa wa dunia wa Lethwei kuwa kati ya watu wawili wasio Waburma. Akamaliza kazi raundi ya kwanza. Agosti 2019, Mandalay, kwenye mashindano ya World Lethwei Championship, akamwangusha Seth Baczynski raundi ya kwanza vilevile. Baczynski si mtu wa kuokotwa barabarani, amepigana UFC.

Sasa angalia hayo mapambano mawili vizuri. Amepiga nani? Mturuki wa Australia na Mmarekani. Yaani hata ukitaka kutumia hesabu ya "amewanyoosha", wageni wenzake ndio waliolala haraka. Mburma ndiye alimaliza naye raundi zote akiwa amesimama. Kikosi cha kwanza, ushahidi wenu umewageuka.

"AMEIBA"? TUONE PIA

Sasa nyinyi wa kikosi cha pili msicheke, zamu yenu imefika.

Mwizi anaingia usiku. Huyu aliingia mchana, kwa mlango, mwenye nyumba akamfungulia, akamwonyesha ulingo na kumwambia: sheria zetu ni hizi, hatubadilishi kitu kwa ajili yako. Hakuna pointi, hakuna glavu, kichwa kinaruhusiwa. Akasema sawa. Akajifunza densi yao na akaicheza mbele yao. Hata harusi yake alifunga kule, kwa desturi za Kiburma. Unaweza kumcheka, unaweza kusema anajua kujiuza, na kweli anajua. Lakini wizi? Wizi ni kuchukua kitu cha mtu na kukiita chako. Huyu kila akifungua mdomo anasema Lethwei ni ya Myanmar.

Kitu kinachonikera zaidi kwa hoja ya wizi ni vile inawafanya Waburma waonekane mafala. Kwamba walikaa tu wakaibiwa. Hapana. Waliamua. Wao ndio walioruhusu wageni wapiganie mkanda wao mkubwa, wakijua kabisa siku moja mgeni anaweza kushinda. Hilo ni jambo la watu wanaojiamini. Nchi nyingi haziwezi.

Mkenya ukibisha, nakuletea mfano wa kwetu, juu sisi pia tumekuwa wageni kwa michezo ya watu. Samuel Wanjiru alitoka Nyahururu akiwa kijana mdogo, akaenda Japani mwaka 2002 kusoma sekondari Sendai. Kule wana mbio zao za kupokezana barabarani zinaitwa ekiden. Ni zao kabisa, wanazipenda vile sisi tunapenda mpira wa Uingereza. Wanjiru na Wakenya wengine walizikimbia na wakawaacha watu nyuma vibaya sana. Mwaka 2008 Wanjiru akashinda marathoni ya Olimpiki Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mbio hizo. Sijawahi kusikia Mkenya akisema Wanjiru aliiba ekiden. Tulisema kijana ametupa heshima.

Na Wajapani walifanya nini? Mwaka huo huo wa 2008, wanafunzi wa kigeni walizuiwa kukimbia mkondo wa kwanza kwenye ekiden ya taifa ya shule za sekondari, kwa sababu Wakenya walikuwa wakimaliza mashindano kabla hayajaanza. Nawaelewa, watoto wao walitaka kuonekana. Lakini linganisha. Mjapani alipozidiwa na mgeni alibadilisha sheria. Mburma alipozidiwa aliomba marudiano. Mimi nikiambiwa nichague yupi anaitwa mnyonge wa hadithi, sitamchagua Mburma.

Kwa hivyo mkanda ni wa Leduc. Funga hiyo faili.

TATIZO NI SISI

Sasa tufike kwa kitu chenyewe. Waswahili walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Swali langu ni moja: mwenyeji amepona?

Mimi hii kazi ya kontenti ndiyo inanilisha. Niliacha chuo nikiwa bado sijamaliza, kwa hivyo usinitegemee kwa nadharia za maprofesa, lakini jinsi video inavyouza naijua. Kuna fomula. Unachukua mahali watu wako hawapajui. Unaweka neno "katili" au "hatari". Unaweka mgeni mmoja katikati ili mtazamaji awe na mtu wa kumfuata. Wenyeji unawafanya ukuta. Wanatokea, wanapiga kelele, wanaanguka, hawana majina. Fomula hii ni ile ile inayotumiwa kwetu. Mzungu anakuja Iten siku 30 "kukimbia na Wakenya". Mwisho wa video unajua jina lake, unajua hofu zake, unajua hata nyanya yake alimwambia nini. Wale vijana waliokuwa mbele yake kila asubuhi, wenye muda bora kuliko wake kwa dakika nyingi, wanaitwa "Wakenya". Basi. Kama ni ng'ombe.

Ukiumia ukiona hivyo Iten, lazima uumie ukiona Yangon. Huwezi kulalamika ukiwa ukuta halafu ufurahie wengine wakiwa ukuta.

Mtaniambia, "Boss, ni ngumi tu, relax." Si ngumi tu. Jina ndilo linaloleta ganji kwa michezo hii. Mpiganaji anayejulikana anapata mdhamini, anaitwa Tokyo, anafungua jimu na watu wanalipa kufundishwa naye. Asiyejulikana anapata pesa za usiku ule, anaenda nyumbani na vidonda. Tukimpa mtu mmoja macho yote ya dunia, tunampa pia mifuko yote. Tun Tun Min alifanya nusu ya kazi kwenye yale mapambano. Bila yeye hakuna Leduc, kama vile bila ukuta hakuna mwangwi. Lakini ukitazama klipu nyingi, yeye ni "bingwa wa huko" tu.

Na ile "katili" nayo tuiongee, kwa sababu sitaki kujifanya mchezo huu ni kucheza kati. Ni hatari kweli. Ile sheria ya dakika 2 mimi naiheshimu kama desturi, lakini daktari yeyote atakwambia mtu aliyepoteza fahamu hafai kurudi kupigwa kichwa usiku ule. Wenyewe Waburma wanalibishania. World Lethwei Championship ilipoanza mwaka 2017 iliondoa yale mapumziko na kuleta majaji wa pointi. Wapenzi wa jadi wakalalamika kwamba hiyo si Lethwei tena. Umeona? Wana mjadala wao wenyewe, mzito, juu ya usalama na utamaduni, na una pande mbili zenye akili. Hiyo ndiyo kontenti! Lakini video inakuambia tu "hawa watu hawaogopi kifo". Wanaogopa, buda. Kila mtu anaogopa. Tofauti ni kwamba mgeni akiumia ana tiketi ya ndege ya kurudi kwao. Kijana wa kijijini Kayin akiumia anarudi kijijini Kayin.

Na Kayin kukoje sai? Hapa ndipo nilitaka kukufikisha.

Tarehe 1 Februari 2021 jeshi la Myanmar lilipindua serikali. Tangu hapo nchi imekuwa vitani. Jimbo la Kayin, moja ya chemchemi za Lethwei, limepigwa vibaya. Aprili 2024 mapigano yalifika hadi Myawaddy, mji wa mpakani na Thailand, na watu wakavuka mto kukimbia. Kama jina Myawaddy linakukwaruza masikio, kuna sababu. Pembeni ya mji huo ndipo zipo zile kambi za utapeli wa mtandaoni ambako vijana wa Kenya walipelekwa. Waliahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka, wakanyang'anywa pasipoti, wakalazimishwa kutapeli watu kwa simu. Makumi ya Wakenya wameokolewa kutoka Myanmar, wengine mwaka 2022, wengine mwaka 2025. Huenda unamjua mtu anayemjua mtu. Wengi wetu jina Myanmar tulilisikia hivyo kwa mara ya kwanza.

Kwa hivyo kijana wa Nairobi ana picha mbili tu za nchi yenye watu zaidi ya milioni 50. Picha ya kwanza ni kambi ya matapeli. Ya pili ni mzungu anayempiga mtu kichwa. Katikati ya hizo mbili kuna watu wa Kayin na Mon waliokuwa wakipigana kwa heshima kwenye mchanga wa sherehe zao kabla babu yako hajazaliwa, na sasa wanakimbia mabomu. Hao hatuwaoni. Hatuwezi hata kuwahurumia vizuri, kwa sababu huruma inataka sura na jina, na sisi tuliwapa ukuta.

Hiyo ndiyo hasara. Si mkanda. Mkanda ni ngozi na chuma, mwenye nguvu achukue. Hasara ni kwamba mgeni amekuja, dunia nzima imeangalia upande ule, na bado mwenyeji hakuonekana.

SASA TUFANYE NINI

Leduc simlaumu kwa hili. Yeye ni mpiganaji, kazi yake ni kushinda na kujiuza, na anapata muda wa kuusifu mchezo kuliko wengi wanaousambazia klipu. Lawama nazileta hapa nyumbani, kwa sisi wenye simu.

Ukikata klipu ya pambano, weka majina mawili. Ni herufi chache tu, hazikuli bando. Andika Leduc na Tun Tun Min. Andika Yilmaz. Andika Tamura na Aye Bo Sein. Ukielezea pambano la kwanza la 2016, sema lilikuwa sare, hata kama sare haitrendi. Ukisema "katili", elezea sheria kwanza, uone kama bado utalihitaji hilo neno. Na ukiwa mtazamaji, komenti yako ya kwanza isiwe juu ya rangi ya mshindi. Uliza yule mwingine ni nani. Ukiuliza watu wengi, mwenye video atalazimika kujua. Sisi huwa tunafuata komenti kuliko mnavyodhani.

Mtu atakuja hapa aseme, "Lakini bila mzungu hata wewe hungeijua Lethwei." Sawa. Inawezekana kabisa mlango wangu ulikuwa Leduc, na wako pia. Lakini mlango si nyumba. Mtu akikufungulia mlango na wewe ukasimama pale pale kwenye kizingiti ukipiga picha ya mlango miaka kumi, shida haiko kwa mlango.

Ingia ndani. Tafuta pambano zima la Waburma wawili ambao huwajui, raundi zote tano, na muziki wake, na ile densi ya mwanzo. Usiruke mbele. Ukifika mwisho na wote wamesimama, mikono yao inainuliwa pamoja, uniambie kama umeona ukatili au umeona kitu kingine ambacho hatuna jina lake.

Kisha rudi hapa chini uniandikie majina yao. Wote wawili. Komenti yenye jina moja sitaijibu.